Sekunde Arobaini

Tangu wausimamishe mlingoti Kwachocha
hakuna chombo Barani kisichojua kusema.
Bati la Mzee Tsuma, lenye kutu, linanong'ona bei za magodoro.
Simu ya mezani ya mwenye duka la nyaya inatangaza mpira.
Ijumaa iliyopita muadhini alikohoa ili aanze,
kipaza sauti kikamtangulia:
*Godoro Tulizo, lala kama mtoto.*
Safu ya mbele ikainamisha vichwa, mabega yakitetemeka.

Wanakuja kwangu, mimi ndiye fundi.
Wananiletea redio kama wagonjwa waliopagawa,
wanataka nizipunge pepo.
Nawaambia: redio yako nzima, mama,
ni jirani yako anayepiga kelele kwa kilowati hamsini.
Debe tupu haliachi kuvuma;
hili limejaa, na linavuma vilevile.

Niliandika barua. Nikaenda ofisini kwao,
nikapewa soda na kalenda.
Wakasema wana leseni. Kweli wanayo,
ipo ukutani, imetiwa kioo.

Bi Shufaa wa Shela hakuja kulalamika.
Alikuja na redio ya mbao ndani ya kanga,
akauliza tu: stima ikikatika,
jenereta la wale watu huchukua muda gani kuwaka?

Sikuwahi kuulizwa.
Usiku ule ilipokatika nikahesabu.
Arobaini.

Ndizo zangu, akaniambia.
Katika giza hilo, kwa betri nne kubwa,
huipata Ngazija, hafifu, kama mtu anayesema ndani ya mtungi:
saa tatu usiku, wanasoma majina ya waliofariki,
mtu na mji wake, mtu na mji wake.
Majina mawili, matatu, siku ya bahati manne,
halafu jenereta linaguruma
na mtoto analala juu ya Tulizo.
Mamake alizikwa huko. Dada zake wako huko.
"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema,
"lakini jina la mbali, fundi, laweza kukuua."

Nikamtengenezea mtego.
Waya wa shaba, mizunguko themanini juu ya kipande cha bomba la maji,
na kapasita ya kuzungusha niliyoichomoa
kwenye maiti ya redio ya marehemu baba.
Nikauweka njiani, kati ya antena na redio,
nikazungusha kidogo, kidogo, kwa ncha ya ukucha,
mpaka yule wa Kwachocha akaanza kuzama,
akabaki koo, akabaki pumzi,
akanasa.
Na nyuma yake, kumbe usiku una watu!
Kiarabu, Kisomali, mtu anayekohoa mbali na kipaza sauti,
na Ngazija, wazi, majina yote hadi la mwisho.
Bi Shufaa hakunitazama. Aliitikia kila jina,
*inna lillahi*, taratibu,
kama mtu anayehesabiwa chenji.

Siku kumi na moja.
Ya kumi na mbili niliukuta mtego mezani kwangu,
umefungwa kwa kitambaa, na noti ya mia tano juu yake.
Mjukuu wake akasema: Bibi anakushukuru.
Anasema yaache magodoro yapige kelele.

Sikuuliza ni jina gani.

Jana stima ilikatika saa tatu na dakika nne,
nami napita Shela, mfuko wa spana begani.
Mtaa mzima ukanyamaza, mpaka mabati.
Nikasimama. Miguu ilisimama, mimi nikaifuata.
Dirishani kwake kikawaka kile kijitaa cha namba,
cha manjano, hakitoshi hata kusomea.
Nikahesabu.
Kwenye ishirini na nane kikazimwa,
kwa mkono,
na jenereta bado.